Uliza nyumba ilikuwa ya nani: kwa mnaoanza kazi ya makazi baada ya tetemeko

Wadogo zangu mlioingia juzi kwenye kazi ya makazi ya dharura, kabla hamjafunga mabegi naomba niwasimulie Haiti. Nilifika Port-au-Prince, mji mkuu, Machi 2010, miezi miwili baada ya tetemeko la Januari 12, nikakaa miaka miwili.

Mtakaowakuta wamewatangulia ni wanajeshi, na mtawahitaji. Port-au-Prince mnara wa kuongozea ndege ulikuwa umeharibika, gati la bandari limeporomoka, na uwanja una njia moja tu ya kurukia. Askari wa anga wa Marekani walikaa kando ya njia hiyo na redio zao, na ndani ya siku chache zilikuwa zikitua ndege zaidi ya 100 kwa siku. Lakini mwenye foleni ndiye anayeamua nani atangulie: baadhi ya ndege za madaktari zilizuiwa kutua, zikaishia Santo Domingo, katika nchi jirani ya Jamhuri ya Dominika. Kwa hiyo ukiomba nafasi, andika uzito, ujazo, nani atapokea na lori gani litasubiri. Sifa za shirika lako ziache nyumbani.

Jambo la pili: jeshi huja likiwa na tarehe ya kuondoka. Askari wa Marekani walifikia zaidi ya 20,000, na Juni 1, 2010 operesheni ikafungwa. Lolote wanalokusaidia, liwe tangi la maji au ulinzi wa mgao, uliza siku ileile nani ataliendesha wakishaondoka.

Sasa nifike kwenye linalonikera hadi leo. Uwanja wa gofu wa Pétionville, kitongoji cha Port-au-Prince, ambako askari wa Marekani walipiga kambi, uligeuka mji wa maturubai wenye makumi ya maelfu ya watu. Mvua zilikuwa zinakaribia na mteremko ungewafukia. Aprili maelfu kadhaa wakahamishiwa Corail, kaskazini mwa mji, kwenye uwanda mkavu uliosawazishwa na wahandisi wa kijeshi. Mahema yalipangwa kwa mistari iliyonyooka, na changarawe ikamwagwa chini. Nilisimama pale nikaona kazi safi. Mama mmoja akaniuliza soko liko wapi. Sikuwa na jibu. Hapakuwa na soko, mti, wala kibarua, na nauli ya kwenda mjini ilimaliza alichouza. Julai upepo ukang'oa mahema. Hata hivyo, kwa kuwa serikali ilikuwa imeitangaza ardhi ile kuwa ya manufaa ya umma, watu wengine walimiminika pembeni, wakajipimia viwanja na kupaita Canaan. Leo ni mji mkubwa, uliojengwa kwa mifuko ya wenyewe bila barabara wala mabomba ya maana. Uamuzi wa dharura wa wiki chache ndio uliochora ramani ya mji kwa vizazi.

Huku nyuma, wahandisi wa wizara ya ujenzi walikagua majengo karibu 400,000 na kuyapiga rangi: kijani salama, njano yatengenezwe, nyekundu hatari. Zaidi ya nusu yalikuwa ya kijani! Tukashangaa kwa nini kambi hazipungui. Ofisi niliyofanyia kazi ilikuwa imehesabu mahema, blanketi na watoto, lakini haikuuliza nani alikuwa mpangaji. Wengi walikuwa wapangaji, na kodi ya mwaka hawakuwa nayo tena. Kambi zilianza kufungwa vizuri pale familia zilipolipiwa pango, kama dola 500 hivi, na mafundi wa mtaani, ambao Wahaiti huwaita bòs, walipofundishwa kufunga nondo na kuchanganya zege ipasavyo wakatengeneza nyumba za njano.

Jifunzeni Kikreoli, lugha ya Wahaiti, au lugha yoyote ya huko mnakokwenda, tangu siku ya kwanza. Na kwenye fomu yenu ya kwanza, juu kabisa, wekeni haya: Ulikuwa umepanga au kwako? Nyumba imepigwa rangi gani? Riziki yako uliipatia wapi?