Kabla hujavuka mto kwenda Hong Kong

Nilikwama Hong Kong siku sita, mzigo wangu ukiwa ghalani Guangzhou, kwa sababu ya mhuri mmoja. Nilikuwa na viza ya kuingia China mara moja. Asubuhi nikavuka Lo Wu, kivuko cha mpakani kati ya Shenzhen na Hong Kong, kuangalia bei za vipuri vya simu, nikijua jioni nitakuwa nimerudi. Jioni hiyo afisa aliifunua pasipoti yangu, akaweka kidole juu ya mhuri wa kutoka, akanirudishia. Kwa hesabu yake nilikuwa nimeshaondoka China.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayefuata mzigo, kama una mpango wa kugusa Hong Kong au Macau, omba viza ya kuingia mara mbili, tena uiombe ukiwa bado nyumbani. Hong Kong ilirudi China mwaka 1997 na Macau 1999, lakini kila moja ina uhamiaji wake, forodha yake na fedha yake.

Siku zile sita nilisoma kwa nini iko hivyo. Oktoba 1949 jeshi la Mao liliichukua Guangzhou, likashuka mpaka karibu na mto Shenzhen, likasimama. Chama cha Kikomunisti kilichoapa kuwang'oa mabeberu kikawaacha Waingereza ng'ambo ya mto, na Wareno Macau. Sera yao ilikuwa kupanga kwa muda mrefu na kuitumia Hong Kong kikamilifu. China ilibanwa na vikwazo tangu vita vya Korea, na pale ndipo ilipopatia fedha za kigeni. Kuanzia 1962 treni za nguruwe, kuku na mboga zilivuka kila siku kutoka China kwenda Hong Kong. Kuanzia Machi 1965 yakafuata maji ya mto Dongjiang, yaliyosukumwa kwa pampu na kulipiwa. Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, alimsimanga Mao kwa kuvumilia makoloni mlangoni pake. Beijing ikajibu mwaka 1963 kwamba mambo hayo yatamalizwa kwa mazungumzo, wakati ukifika. Hata Wareno walipokuwa tayari kuiachia Macau baada ya mapinduzi yao ya 1974, Beijing haikuwa na haraka.

Wafanyabiashara wenzangu husifu subira hiyo, nami naielewa. Ila kuna jambo linaloniuma. Machi 1972 China iliiandikia kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni, iliyoongozwa na Salim Ahmed Salim wetu, ikitaka Hong Kong na Macau zifutwe kwenye orodha ya makoloni. Mwaka huohuo zikafutwa, na njia ya kudai kujitawala kupitia kamati ile ikafungwa. Wenyeji hawakuulizwa.

Sasa navuka nikiwa na viza ya mara mbili na nakala ya pasipoti mfukoni. Katikati ya daraja la Lo Wu kuna madirisha, nami husimama hapo kidogo kuutazama mto. Ni mwembamba mno. Mtu aliye ng'ambo ukimwita kwa sauti atageuka.