Kabla Hujabadilisha Mazabodi, Ijue Leseni ya Windows Yako

Kompyuta yangu ya mezani nilipoibadilishia mazabodi (ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote vya ndani) na prosesa, iliwaka bila taabu. Ila chini kulia mwa skrini yakajitokeza maandishi ya kijivu yaliyofifia yakinitaka niamilishe Windows, yaani nithibitishe kuwa ina leseni halali, na kwenye Mipangilio kukawa na kosa namba 0xC004F211. Namba hiyo maana yake ni moja: Windows imeona maunzi, yaani vifaa vya kompyuta, yamebadilika, haiitambui tena kompyuta yako.

Ukiongeza ramu au ukabadilisha kadi ya picha, kwa kawaida haina neno. Hata ukiweka diski mpya ya SSD na kupiga Windows upya, ikipata intaneti hujiamilisha yenyewe, mradi toleo (Home au Pro) ni lilelile. Kinachoshika leseni hasa ni mazabodi.

Kwa hiyo kazi yenyewe hufanyika kabla hujashika bisibisi. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika slmgr /dli, bonyeza Enter. Kitatokea kidirisha kidogo. Tafuta neno lililo kabla ya "channel". Ukikuta RETAIL, umepona, leseni hiyo kwa kawaida inahamishika. Ukikuta OEM_DM, leseni ilikuja na mashine kutoka kiwandani, ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya mazabodi, na kwa masharti ya Microsoft haihami kwenda kwenye mazabodi nyingine uliyojinunulia. Zile kompyuta za mtumba za ofisini tunazouziwa mara nyingi ni za namna hii, basi weka bei ya leseni kwenye bajeti mapema. Na ukikuta VOLUME_KMSCLIENT kwenye kompyuta ya nyumbani, muulize vizuri aliyekuwekea Windows. Hiyo ni leseni ya mashirika, huamilishwa kwa siku 180 kisha hutakiwa kujihuisha kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya shirika. Wewe seva hiyo unayo?

Mwenye RETAIL aunganishe leseni na akaunti yake ya Microsoft. Njia hii ipo tangu Windows 10 toleo 1607 la mwaka 2016. Ingia kwa akaunti hiyo ukiwa msimamizi wa kompyuta, kisha hakikisha ukurasa wa uamilishaji kwenye Mipangilio unasema leseni ya kidijitali imeunganishwa na akaunti yako. Ukurasa ukisema tu imeamilishwa, bado hujaunganisha.

Hapohapo ipe kompyuta jina la maana. Wengi huiacha na DESKTOP na herufi zisizosomeka, halafu baadaye wanaletewa orodha ya vifaa vyao vyote na hawajui kipi ni kipi. Yangu niliiita MEZANI, nikaiona mara moja.

Baada ya kufunga mazabodi mpya, unganisha intaneti, nenda kwenye uamilishaji, fungua kitatuzi cha matatizo, chagua maelezo kwamba umebadilisha maunzi hivi karibuni. Ingia kwenye akaunti, chagua jina la kompyuta, weka tiki kuthibitisha ndiyo unayoitumia sasa, amilisha. Maandishi ya kijivu yakaondoka.

Ikikataa, angalia toleo kwanza kabla ya kumpigia mtu simu. Leseni ya Home haiamilishi Pro, wala ya Pro haiamilishi Home, na mafundi wengi wakipiga Windows upya huweka Pro bila kuuliza. Na fundi akikuambia ana programu ya kuamilisha bure, ila uzime antivirusi kwanza, chukua kompyuta yako uondoke.