Barua kwa mwanangu: kirusi kilichojitanda kanga yetu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza: mlifundishwa kwamba kirusi cha homa ya ini A hakina utando wa mafuta, mbona mwalimu mwingine anasema kwenye damu kinao? Wote wawili wamesema kweli.

Seli zetu, hata zikiwa nzima, hutoa vifuko vidogo mno vya utando na kuvituma kwa seli nyingine, vimebeba protini na maelekezo. Ni kazi yao ya kila siku. Kirusi kikishazaliana ndani ya seli ya ini hudandia njia hiyo: hujifungia kifukoni, kimoja hadi vinne pamoja, kikatoka bila kuipasua seli. Kundi la mtafiti Stanley Lemon, kule North Carolina, Marekani, ndilo lililolionyesha hilo mwaka 2013. Mtu akitoka nyumbani kwako kajitanda kanga yako, jirani atamwitia mwizi vipi? Kingamwili, zile protini za damu zinazonasa vijidudu, nazo hukipisha kirusi, maana zinachokutana nacho ni utando wetu wenyewe.

Basi kinyesini kanga iko wapi? Nyongo imeivua. Unakumbuka sufuria ya pilau, maji matupu yakiteleza juu ya mafuta hadi utie sabuni? Nyongo ni kama sabuni hiyo: huuyeyusha utando wa kirusi kinaposhuka kutoka inini kwenda utumboni. Kinatoka uchi, na huko nje uchi ndio unaokifaa: gamba lake la protini ni gumu, linahimili ukavu na asidi ya tumbo. Miaka yote ya maabara, jambo hili bado linanishangaza.

Usidhani kingamwili zimeshindwa kabisa. Kifuko kikishamezwa na seli mpya, utando huyeyushwa, na kingamwili zilizomezwa pamoja nacho hukikamata kirusi humohumo. Huenda ndiyo sababu mojawapo chanjo ikidungwa ndani ya wiki 2 baada ya mtu kukutana na kirusi bado humkinga.

Virusi vya rota na noro, vinavyoharisha na kutapisha, navyo vina vifuko vyao. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walivikuta kinyesini vimefungwa makundi makundi, na panya waliolishwa rota wa namna hiyo waliugua zaidi kuliko waliopewa virusi vilivyo huru.

Ukiwa wodini, usitegemee kitakasa mikono cha spiriti kwa wagonjwa hawa. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na chini ya kucha.

Mama yako