Mechi ikibanana, mpira apewe nani? Kwa anayeanza kuweka takwimu za vikapu

Ukikabidhiwa daftari la takwimu la timu ya vikapu hapa Kisumu, kocha atakuuliza mapema: dakika za mwisho, mpira apewe nani? Usikimbilie kumtaja aliyefunga kikapu cha ushindi juzi. Hicho kila mtu alikiona.

Kabla msimu haujaanza, amua mechi iliyobanana ni ipi. NBA, ligi kuu ya vikapu ya Marekani, huhesabu dakika 5 za mwisho za robo ya nne, au muda wa ziada, timu zikiwa zimepishana kwa pointi zisizozidi 5. Robo yao ni dakika 12. Yetu, kwa sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la vikapu, ni 10. Mimi hutumia kipimo hichohicho. Ukipenda kingine ni sawa, mradi usikigeuze katikati ya msimu ili mchezaji unayempenda ang'ae.

Sasa shika hili kuliko mengine yote: mitupo ya dakika hizo ni michache mno. Chukua mchezaji ambaye uwezo wake halisi ni kufunga 40 kati ya mitupo 100. Mpe mitupo 10. Karibu mara 1 kati ya 6 atafunga 6 au zaidi. Karibu mara 1 kati ya 6 atafunga 2 au pungufu. Ni mtu yuleyule, mkono uleule, ila siku moja atabebwa juujuu na siku nyingine ataambiwa hana moyo. Inaniuma sana kusikia kijana wa shule akiitwa mwoga kwa ajili ya mitupo 3. Anza na takwimu zake za msimu mzima. Za dakika za mwisho ziwe nyongeza tu.

Fauli anazofanyiwa ziandike pia, maana ndizo husahaulika. Timu ikishafikisha fauli 4 katika robo, fauli ya kawaida ya ulinzi inayofuata humpa aliyefanyiwa mitupo huru 2, na muda wa ziada huendeleza hesabu ya robo ya nne. Msichana anayepenya hadi chini ya kikapu akafanyiwa fauli, na mitupo huru anaifunga kwa asilimia 70, huleta wastani wa pointi 1.4. Anayerusha mtupo wa pointi mbili kwa asilimia 40 huleta 0.8. Anayepokonywa mpira huleta sufuri, na mara nyingi mpinzani anafunga upande wa pili.

Kama mnachezea uwanja wa saruji usio na paa, andika pembeni upepo wa ziwa ulikuwaje alasiri hiyo.

Karatasi ya kocha iseme "6 kati ya 10", siyo asilimia 60 peke yake. Akiiona hiyo 10, atajua mwenyewe aiamini kiasi gani.