Sanduku la mkunga mstaafu: karatasi na kaseti za kazi yake

Mkunga akistaafu, familia hutunza vyeti na picha ya mahafali. Vingine huwashiwa jiko. Lakini cheti husema tu kwamba alifaulu. Alifanya kazi wapi, kwa malipo gani, zamu ngapi za usiku: hayo yamo kwenye barua za uhamisho, hati za mishahara, ratiba za wodi na daftari la upatu wa wauguzi.

Usikimbilie kupanga upya. Piga picha kila faili lilivyo, kisha orodhesha kwa mpangilio ule ule wa mwenyewe. Pini na klipu zitoke, hasa Pwani, maana unyevu huzitia kutu na kutu hula karatasi. Pini ya stepla inyooshe miguu kwanza, usiing'oe. Selotepu hapana. Laminesheni ni mbaya zaidi, haibanduki tena. Namba ziandikwe nyuma ya ukurasa kwa penseli laini, 2B.

Majina husumbua kuliko kutu. Cheti kina jina la baba, hati ya mshahara ina la mume, na mtaani anajulikana kwa jina la mwanawe wa kwanza. Yaorodheshe yote pamoja na miaka yake, la sivyo atakayesoma baadaye atadhani ni watu watatu.

Kaseti za mahojiano au semina zinataka subira. Kabla ya kuicheza, vunja vijino viwili vya plastiki mgongoni mwake ili isifutwe kwa bahati mbaya. Ukiona ungaunga mweupe ukingoni mwa utepe, hiyo ni kuvu: usiicheze, itachafua kichwa cha mashine (kile kipande kinachosoma utepe) na kaseti zote zinazofuata. Itenge kwanza kwenye chombo kikavu chenye silika jeli, vile vifuko vya chembe zinazofyonza unyevu. Kipedi kinachosukuma utepe kwenye kichwa kikidondoka, sauti hufifia na kurudi. Ganda likiwa la skrubu, hamishia utepe kwenye ganda zima. C-120, yaani kaseti ya dakika 120, ina utepe mwembamba mno, usiicheze kwenye mashine inayovuta vibaya.

Kuweka simu mbele ya spika si kunakili. Safisha kichwa kwa pamba na spiriti, unganisha kebo kutoka kwenye redio kaseti hadi kwenye kompyuta, rekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24 na kHz 48. Kaseti ya dakika 60 kwa stereo huchukua takriban GB 1. Kilele cha sauti kiishie kati ya -12 na -6 dB. Kama maneno yanasikika yamefunikwa, zungusha kidogo kidogo skrubu iliyo kando ya kichwa mpaka herufi "s" zisikike kali. Fanya hivyo kabla ya kurekodi. Programu haitarudisha kilichokosekana. MP3, faili dogo lililobanwa, iwe ya kutumiana WhatsApp tu.

Daftari lenye majina ya wazazi waliojifungua usilipige picha na kulirusha mtandaoni. Siri hiyo ni ya wagonjwa, na mara nyingi daftari ni mali ya hospitali. Kuhusu sauti ya mkunga mwenyewe, muulize angali hai, umrekodi akijibu: nani aruhusiwe kusikiliza, kuanzia lini, na sehemu gani zibaki zimefungwa.