Majaribio 10,000 bila kutoweka hayatoshi kusema kipunji wa Ndundulu wako salama

Mkuu, umesema umeendesha modeli yako ya kompyuta ya kipunji, kima adimu wa Tanzania, wa msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, mara 10,000, kila mara miaka 100, kundi halikuisha hata mara moja, na unauliza kama uandike kwamba hatari ya kutoweka ni sifuri. Usiandike. Kwa uhakika wa asilimia 95, matokeo hayo yanasema tu kwamba uwezekano wa kundi kutoweka ndani ya miaka 100 hauzidi 3 kwa 10,000.

Nilipofanya hesabu za aina hii kwa ajili ya tasnifu yangu hapa Mbeya, kilichonisaidia ni kalamu kabla ya kompyuta. Kwa kila idadi ya wanyama, gawanya kasi ya kuzaliwa kwa kasi ya kufa, chukua logi asilia, kisha jumlisha kuanzia mnyama 1 hadi idadi ambayo kundi hutulia. Jumla hiyo ndiyo kipeo cha e (namba 2.718...) kinachotawala muda wa wastani wa kutoweka: kipeo kikikua, muda unarefuka kwa kuzidishwa, si kwa kujumlishwa.

Makadirio yaliyochapishwa 2008 yalitoa kipunji 1,117: 75 Ndundulu, waliobaki huku kwenye misitu ya milima ya Rungwe na Livingstone. Chukua modeli ambayo uzazi hupungua nafasi inavyojaa. Kima 75, uzazi ukiwa mara 2 ya vifo wanapokuwa wachache: kipeo karibu 29. Kima walewale 75, uzazi ukizidi vifo kwa asilimia 10 tu: kipeo 3.6! Kwa asilimia hiyohiyo, kundi la upande wa Rungwe na Livingstone linapata kipeo 50. Ni namba za mfano, kasi halisi zitoke msituni, ila uone idadi ya wanyama peke yake haitoshi.

Modeli yako ikiwa na umri na jinsia, logi zinakuwa ngumu. Hapo shuka kwa ngazi: 75 hadi 50, 50 hadi 30, na kuendelea. Kila jaribio linalofika ngazi ya chini linakili, nakala zianzie hapo, mwishoni zidisha pamoja uwezekano wa kushuka kila ngazi.

Kinachoniumiza zaidi ni chura wa Kihansi, Udzungwa hukohuko. Katikati ya 2003 walikadiriwa kama 20,000. Januari 2004 walionekana wachache mno. Maji ya maporomoko yalishachepushwa kwa ajili ya umeme, na fangasi wa ngozi akakutwa kwa chura waliokufa. Mwaka 2009 wakatangazwa wametoweka porini. Hesabu inayodhani kila mnyama hufa kivyake isingeliona hilo. Janga likipiga wote pamoja, kuongeza idadi kunarefusha muda kidogo sana kuliko kipeo kinavyoahidi. Kwa hiyo kila mwaka wa modeli, chagua kwa bahati kasi moja ya vifo kwa kundi zima, ndipo uanze kushuka ngazi.