Saratani "imehamia" ini?

SWALI: Mwalimu, assalamu alaykum. Mama mdogo anaumwa saratani ya utumbo mpana. Daktari alitwambia "imehamia kwenye ini" na kwamba "kingamwili zimelala". Jamaa zetu sasa wanasema ana saratani ya ini. Lugha hiyo ni sawa?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waalaykumu salaam. Pole sana kwa kuuguza.

Anayehama huacha nyumba. Aliyehamia Unguja kutoka Wete hayupo tena Wete. Saratani haiondoki hivyo. Seli zake baadhi huchukuliwa na damu zikaota pengine, na shina huweza kubaki pale pale. Sema "imesambaa hadi kwenye ini". Jina nalo halibadiliki: mkarafuu ukiota chini ya mnazi hauitwi mnazi. Hiyo bado ni saratani ya utumbo mpana, na dawa hufuata asili hiyo, kwa hiyo jamaa wasahihishwe.

Kingamwili ni protini zinazotengenezwa ili kushika vimelea. Nadhani daktari alikusudia seli zenyewe, basi "seli za kinga".

"Zimelala" ndilo lililonikalisha kitako. Kiasi cha robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hutoka matumboni, imebeba chembe za chakula na za bakteria. Seli za kinga zingepigana na kila kinachopita, ini lingeumia. Kwa hiyo pale zimezoea kustahamili. Hata hivyo zimo za Kupffer, zilizopewa jina la mwanasayansi Mjerumani, ambazo huweza kuzimeza seli za saratani zinapotua tu. Lakini uvimbe ukishakua, baadhi ya seli za jamii hiyo ya kumeza hugeuka upande wake, zikaziua seli T, askari wengine wa kinga, zilizokuja kupigana. Ni sababu mojawapo ya dawa za kuamsha kinga kutofanya kazi vizuri saratani ikiwa ndani ya ini.

Sasa tazama kitenzi. Aliyelala kalala mwenyewe, na lawama ni yake. Hizi zimefanyiwa, kwa hiyo tunataka kauli ya kutendwa. "Zimelazwa" inakubalika kisarufi, ila masikioni mwetu aliyelazwa yuko wodini. Mimi nachagua "zimenyamazishwa": nyamaza, nyamazisha, nyamazishwa. Ndani yake msikilizaji anasikia kwamba yupo aliyezinyamazisha, naye ni uvimbe, si mwili wa mama mdogo uliozembea.

Mwenyezi Mungu amjaalie afueni.